Kozi ya redio za boti hapa Tanga: tumelipa, tumepewa karatasi, redio yenyewe hatujaigusa

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Kuna watu walipita kwenye mialo yetu, Deep Sea, Sahare mpaka huko Mwambani, wakitangaza kozi ya redio za baharini. Jina lao silitaji hapa, walioenda wanawajua. Maneno yao matamu: laki na nusu kwa kichwa, chai na vitafunwa humo humo, na ukimaliza unapewa "leseni ya redio", hakuna mkaguzi atakayekusumbua tena baharini. Watu wakachanga. Wapo waliokopa kwenye kikoba cha mke. Tukajaa ukumbini.

Redio ilikuwa moja. Iko mezani kwa mwalimu, ndani ya boksi lake, nailoni ya kwenye kioo haijabanduliwa, na haikuwashwa mpaka tunaondoka. Slaidi zote Kiingereza, picha za meli za makontena, na asubuhi nzima ikaishia kwenye mawasiliano ya setilaiti. Mtu ana boti ya faiba, injini moja ya nje, anapeleka wageni Yambe na Toten, setilaiti ya nini jamani? (Na vitafunwa vyenyewe ilikuwa kitumbua kimoja kimoja.)

Kuna mzee mmoja, nahodha wa Kigombe, bahari ya huku anaijua kwa giza. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, mimi nikiwa katikati, Tanga siioni na Pemba siioni, nikiita chaneli 16 nani ananisikia?"

Kijana akajibu bila hata kupepesa: "Wote watakusikia mzee wangu, 16 ni ya dharura dunia nzima."

Mzee akaandika kwenye daftari lake. ALIANDIKA. Jibu kama hilo linaua mtu.

Mawimbi ya VHF, yaani ya hizi redio zetu za boti, yanakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, hayafuati mviringo wa dunia. Kinachoamua utafika wapi ni urefu wa antena, yako na ya yule unayemwita. Boti yenye antena mita 2 juu ya maji ikiita boti nyingine ya namna hiyo hiyo, mnasikilizana kama kilomita 11, basi. Ukiita kituo cha pwani chenye antena mita 50 juu, unafika kama kilomita 35. Kutoka Tanga mpaka Wete, ukinyoosha mstari, ni kama kilomita 70. Pigeni hesabu wenyewe. Katikati pale, hata kama minara ipo pande zote mbili na wasikilizaji wako macho, wewe uko ukingoni. Wa kukuokoa ni meli inayopita, ambayo antena yake iko juu sana. Hilo ndilo alitakiwa kuambiwa yule mzee, pamoja na kwamba chaneli 16 lazima aiache wazi aisikilize muda wote, kwa sababu ipo siku yeye ndiye atakayekuwa karibu na mwenzake kuliko mtu yeyote.

Halafu hizo kilomita ni ukiwa kwenye nguvu kubwa. Redio ya kufungwa kwenye boti inatoa mpaka wati 25, na ina kitufe cha kuishusha hadi wati 1 kwa maongezi ya jirani, mfano ndani ya bandari. Nimepanda boti za watu nikakuta imekaa kwenye 1 tangu siku ilipofungwa. Nahodha analalamika redio mbovu. Redio nzima kabisa, hakuna aliyemwonyesha kitufe.

Sasa hiyo "leseni". Wakuu, hapa tumepigwa mchana kweupe. Leseni ya redio ni ya chombo: boti fulani imeruhusiwa kuwa na kituo cha redio, na masafa nchi hii yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Cheti cha mwendeshaji ni cha mtu: fulani bin fulani amefunzwa, amepimwa, anajua kuitumia. Kanuni za kimataifa za redio zinataka anayeendesha redio ya chombo awe na cheti kilichotolewa au kutambuliwa na serikali ambayo chombo kiko chini yake. Ni vitu viwili, kimoja hakileti kingine. Hawa jamaa wamevichanganya makusudi ili wauze kitu cha tatu, ambacho si leseni wala si cheti. Nilipopeleka karatasi yangu kwenye ofisi moja, dada aliisoma hadi mwisho, akanirudishia taratibu: "Kaka, hapa wameandika umehudhuria semina."

Ila kinachonikera kuliko vyote ni kile kitufe chekundu.

Kwa wasiojua, redio za siku hizi zenye DSC (mfumo wa kuita kidijitali) zina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikishikilia sekunde kadhaa, redio inarusha yenyewe wito wa dharura wa kidijitali kwenye chaneli 70, na redio za DSC zilizo karibu zinapiga kengele. Ujumbe unabeba namba ya chombo, MMSI, tarakimu 9, na kama umeunganisha GPS unabeba na mahali ulipo. Za Tanzania zinaanza na 674 au 677. Redio isiyojazwa namba, kitufe hicho kwa kawaida hakifanyi kazi. Na redio nyingi zinakuruhusu kujaza mara moja au mbili tu, kisha inajifunga, kuibadilisha mpaka kwa fundi wa kampuni.

Redio zetu wengi ni mtumba. Ya kwangu nilipoingia kwenye menyu nikakuta namba imeshajazwa, inaanza na 235. Hiyo ni Uingereza! Maana yake nikizama nje ya Ras Kazone nikabonyeza, watakaopokea wanaona chombo cha Mwingereza. Wakifuatilia usajili watampata mwenye namba huko kwao, yuko sebuleni, mzima wa afya, atawaambia hajabonyeza kitu. GPS sijaunganisha, kwa hiyo hata mahali pa kunitafuta hapapo. Jamaa yangu wa Pangani ndiyo kabisa: alinunua mpya dukani, redio ilipodai namba, muuzaji akamjazia namba ya simu bila ile sifuri ya mbele. Tarakimu tisa zimetimia, redio ikakubali. Namba zinazoanza na 7 ni za Amerika Kusini, ndugu zangu.

Wakati wa chai nikamfuata mwalimu, nikamwonyesha picha ya ile 235 kwenye simu. Akaangalia. "Iko poa bro, muhimu inawaka."

Mtu anayefundisha redio za baharini, analipwa kwa kazi hiyo, anasema muhimu inawaka.

Na si kwamba ujuzi wenyewe ni mlima. Uingereza hao hao, mtu wa boti ndogo anakaa darasani siku moja, anabonyeza redio za mazoezi kwa mkono wake, anafanya mtihani, anapewa cheti cha masafa mafupi. Kozi ndefu ya maofisa wa meli za GMDSS (mfumo wa dunia nzima wa mawasiliano ya dharura baharini) ni habari nyingine na ina wenyewe. Sisi tulihitaji tukae wawili wawili, huyu anaita, yule anajibu, mpaka mdomo uzoee: MAYDAY mara tatu, jina la boti mara tatu, halafu MAYDAY na jina tena, mahali ulipo, kilichokupata, msaada unaotaka, watu wangapi ndani. Unaachia kitufe cha kuongelea, unasikiliza. MAYDAY nahodha wa meli ya Kichina ataielewa, yanayofuata ukiyasema kwa Kiswahili wavuvi wenzako wa Moa na Kigombe watakuelewa vizuri tu. Jambo la nusu siku.

Kuachia kitufe nako kufundishwe jamani. Kwenye 16 anasikika mmoja kwa wakati. Kuna usiku mtu ameulalia mkono wa redio wenye hicho kitufe cha kuongelea, tunasikilizishwa taarabu na injini yake, na chaneli yote imezibwa.

Najua wataibuka wa "simu zipo". Simu inampigia mtu mmoja ambaye namba yake unayo, awe hewani, na wewe uwe na mtandao. Redio inamwita yeyote aliye karibu, hata humjui.

Sina haja ya kuwakumbusha kuzama kwa Spice Islander pale Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, wala Skagit jirani na Chumbe Julai 2012. Zile zilikuwa za abiria, nchi nzima ililia. Boti ya watu wanne ikipotea kwenye kusi inaliliwa na mtaa tu, na ndiyo maana mtu anaona sawa kutuuzia semina ya slaidi.

Ninachotaka ni hela yetu irudi, na yule mzee wa Kigombe afuatwe aambiwe jibu sahihi. Mliokuwa ukumbini tunzeni risiti na zile karatasi, baadhi yetu tumeshakubaliana kupeleka malalamiko kwa pamoja. Nasikia wanahamia Bagamoyo. Wa huko, kabla hamjatoa hata mia, waulizeni cheti chao kinatambuliwa na mamlaka gani, na wajibu kwa maandishi.

Na mwenye kujua fundi wa kufuta hiyo 235 bila kuniuzia redio nyingine, aje PM.