Live! ya Bob Marley: santuri, CD na ile ya kwenye simu, mbona zinapishana hivi?

Kijana wa Sakina

Habari zenu wakuu. Baba mdogo kahamia Babati, kaniachia pleya yake na boksi la santuri. Ndani nimekuta Live! ya Bob Marley and the Wailers, ile ya ukumbi wa Lyceum, London, Julai 1975. CD yake ya 2001 ninayo tangu chuo, ile iliyoongezewa Kinky Reggae. Kwenye simu nina toleo refu. Jumapili mvua ilinifungia ndani, nikazishindanisha zote tatu, amplifaya moja, spika zilezile.

Nimevurugwa. CD inalipuka, kila kitu kiko mbele, lakini nyimbo nne tu masikio yanaomba poo. Santuri iko chini, mpaka uongeze sauti, ila besi ya Family Man imetulia, unaifuata noti kwa noti. Halafu santuri hiyohiyo ikifika Get Up, Stand Up, matoazi ya Carlton Barrett ni kama yamefunikwa blanketi. Na ile ya simu ndiyo kituko kabisa: kwenye Trenchtown Rock gitaa linapiga vitu sijawahi kuvisikia kwenye hizo mbili! Wamepachika gitaa jipya, au ni masikio yangu?

Fundi Amplifaya

Mkuu, sindano usiilaumu kwanza. Get Up, Stand Up ni wimbo wa mwisho wa upande wa pili, uko karibu na lebo ya katikati. Sahani inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini mzunguko wa nje ni mrefu na wa ndani ni mfupi. Ukifika ndani, muziki uleule unabanwa kwenye nafasi ndogo, na sauti za juu ndizo zinazoumia kwanza. Jaribu Trenchtown Rock na No Woman, No Cry, zinazofungua kila upande. Matoazi yakiwa hai pale, sindano ni nzima. Ila futa vumbi, tafadhali, maboksi ya wazee tunayajua.

Swali langu: ulisawazisha sauti kabla ya kuhukumu? CD nyingi za miaka ile zilipandishwa sauti hadi sehemu za sauti ndogo na za sauti kubwa zinakaribiana. Dakika ya kwanza inakunasa, ya ishirini inakuchosha. Na sikio lina tabia mbaya: kilicho juu kidogo linakiona kizuri zaidi. Tumia mwanzo wa No Woman, No Cry, pale kinanda kinapotangulia na watu wanaimba kiitikio hata Bob hajaanza. Weka simu mahali pamoja, pima kwa programu ya kupimia sauti, zote ziwe sawa. Hapo ndipo ushindanishe.

Mama Dub

Hilo la gitaa nimecheka peke yangu. Mdogo wangu, hakuna aliyepachika kitu. Walipiga siku mbili, tarehe 17 na 18. Toleo refu lina siku zote mbili, kama zile santuri tatu za 2016, kwa hiyo nyimbo zinajirudia. Soma tarehe pembeni ya jina la wimbo. Mpiga gitaa Al Anderson ni yuleyule, ila ni jioni nyingine, unategemea apige vilevile? Hapo hukulinganisha matoleo, umelinganisha maonyesho.

Deki Mbili

Mimi nimekulia na kanda ya kurekodishiwa dukani, nakala ya nakala. Deki ya jamaa ilikuwa inakimbia, Bob alikuwa na sauti nyembamba kama kijana wa kwaya. Siku niliyosikia CD nilidhani anaumwa.

Kijana wa Sakina

Nimerudi. Mama Dub, shikamoo, ni kweli: kwenye simu nilikuwa nasikiliza tarehe 17. Aibu kidogo.

Fundi, nimepima kama ulivyosema. CD ilikuwa juu sana kuliko nilivyodhani, nimeishusha karibu robo ya kitufe. Zikiwa sawa, Burnin' and Lootin' naipa santuri bila kusita. Rimu ya ngoma inagonga kisha inaacha nafasi, na kwenye CD nafasi hiyo imejaa. No Woman, No Cry pia santuri, umati uko mbali kidogo, kama uko ukumbini kweli. Lakini Get Up, Stand Up nitaendelea kuisikiliza kwenye CD, blanketi bado lipo hata baada ya kufuta vumbi.

Baba mdogo kapiga simu jana kuulizia pleya. Nimemwambia inapiga safi. Ule mkwaruzo unaorukisha Lively Up Yourself sijamtajia, nadhani anamjua aliyeuweka.