Tupeane uzoefu: taa ya tanki na tabia za samaki wako

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa tunaofuga samaki wa mapambo. Kila siku watu wanatafuta dawa: samaki kajificha, kapauka, anajibamiza kwenye kioo. Mara nyingi ukipima maji yako sawa, kidonda hakuna, ila taa hakuna aliyeifikiria. Naanza mimi.

Huku kwetu Tabata umeme ukikatika jioni tunalala. Ukirudi saa nane usiku, taa ya tanki inawaka yenyewe na hapohapo unasikia vishindo. Samaki dhahabu wanakimbia ovyo, wanagonga kioo, asubuhi unakuta magamba yamebanduka ubavuni. Hawa hawana kope, wala mboni yao haijibani kama yetu, kwa hiyo mwanga ukija ghafla unawaingia wote. Siku hizi taa ina soketi yake na inazimwa ukutani kabla ya kulala; pampu ya hewa na filta ziko kwingine. Asubuhi pazia linafunguliwa kwanza, taa baadaye sana. Jioni ya tanki inazimwa wakati ya sebuleni bado inawaka. Leteni na yenu.

MamaTetra: Mie nusura nimpigie muuzaji nimtolee uvivu. Nimenunua tetra wa neoni, usiku nimeamka kunyonyesha nikawamulika na tochi, wote weupe, ule mstari wa buluu haupo! Nikajua nimeuziwa wagonjwa. Kulipokucha rangi ikarudi taratibu, na kumbe kila usiku ndivyo walivyo. Mume wangu ananicheka mpaka leo.

Furu_wa_Mwanza: Mnaopenda taa za rangi za disko, someni hapa. Nafuga furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, yule mwekundu anayeitwa Pundamilia nyererei kwa heshima ya Mwalimu. Watafiti waliofanya kazi na furu wa huku kwetu walitoa matokeo yao mwaka 1997: maji ya ziwa yakichafuka mwanga unapungua, na jike hamtambui tena dume wa aina yake kwa rangi. Hata kwenye tanki, wakiwekewa mwanga wa rangi moja tu, majike walikuwa wanachanganya madume. Sasa wewe unamwashia zambarau usiku kucha halafu unashangaa hazai? Mimi naweka taa nyeupe ya kawaida, masaa 8 hadi 10, basi. Usiku ni giza.

Dogo Mbishi: Msisingizie taa kila kitu. Samaki akiwa juu anahema mdomo wazi, hiyo ni hewa au amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wao. Badilisha maji kwanza, falsafa baadaye.

Mwana Kigoma: Dogo yuko sahihi kwa hilo. Ila frontosa, samaki wa Ziwa Tanganyika, taa inamsumbua kweli. Nimefanya kazi na wapiga mbizi wanaomtoa huko ziwani. Yeye hukaa kwenye miamba kina kirefu, huko chini kuna mwanga hafifu wa buluu tu, wekundu ulishamezwa na maji juu kabisa. Mteja mmoja alimweka kwenye mchanga mweupe chini ya taa kali, mchanga ukawa unarudisha mwanga kutoka chini. Samaki akajibana nyuma ya filta, chakula hagusi. Tukapandisha taa juu, tukatandaza changarawe nyeusi, nusu ya maji tukafunika kwa mimea inayoelea, na mapango mawili ya mawe. Alianza kutoka jioni jioni. Mchana bado mvivu, na mimi sioni ubaya, ndiyo asili yake.

Bi Kaloleni: Samaki wangu alikuwa anapigana na kivuli chake. Usiku sebule ikiwa na giza na tanki linawaka, kioo kinageuka kama cha kujitazamia. Dume katanua mapezi, anapanda na kushuka pembeni mpaka anachoka. Niliwasha taa ya chumba, nikabandika karatasi nyeusi kioo cha nyuma, akatulia. Na wenye gogogo, yule samaki mwenye ndevu anayetembea usiku: mlisheni taa ikishazimwa. Mchana wenzake wanamalizia chakula chote, yeye kalala chini ya gogo.

Mzee wa Swichi: Nyote mnasema masaa, hakuna aliyetaja taima. Zile za kuzungusha kwa mkono husimama umeme ukikatika, kwa hiyo mgao wa masaa matatu unasogeza ratiba masaa matatu. Nilikuta yangu inawasha taa saa sita usiku.

MamaTetra: Eh, ndiyo maana! Kuna zenye betri ndani?

Mzee wa Swichi: Zipo, za kidijitali. Maduka ya vifaa vya umeme, ila ifungue muuzaji akuonyeshe saa inatembea bila kuchomekwa. Usikubali maneno matupu.