Mahindi ya Dabaga (kikundi cha ukoo)

Dada Sesi 06:12
Kamwene wote. Jana nimeshinda Dabaga, picha hizo hapo juu naomba mfungue kwanza. Majani ya chini yana madoa marefu ya kijivu yamenyooka kufuata mishipa ya jani, mengine yameshaungana jani lote limekauka, na mbelewele ndo kwanza zinachomoza

Dada Sesi 07:30
Tiki za bluu naziona

Beno 08:55
Si majani ya chini tu dada. Kwani tunakula majani 😂

Mjomba Fute 08:57
Mbuzi wa Beno wanakula 😂😂

Dada Sesi 09:04
Jamani. Huu ugonjwa unapanda juu. Jani la kwenye gunzi na ya juu yake ndo yanajaza punje, jani ndo jiko la mmea, linachukua jua na hewa na maji linatengeneza sukari. Penye doa kijani kimekufa hapapikwi tena, na hata pale pembeni ya doa panapoonekana pazima kazi imeshapungua. Punje zikikosa, mmea unanyonya sukari ya kwenye bua, bua linalegea, upepo ukija mnakuta yamelala

Upendo 09:10
Usanisinuru huo tulisoma fomu two

Shem Kasi 10:41
Tukipiga dawa yatarudi kijani?

Dada Sesi 10:43
Hapana shem, lililokufa limekufa. Dawa inakinga yale mazima ndo maana nasema WIKI HII. 15,000 kila mtu

Neema 12:30
Nimetuma. Bomba la kupigia liko wapi?

Dada Sesi 12:31
Aliyelichukua msibani anajijua

Shangazi Tula 13:15
Sesi usinianze. Mpira na nozeli nilinunua mimi. Na mauzo ya mwaka juzi niliambiwa gunia mbili nikaona moja, nilinyamaza

Mjomba Fute 13:16
Nimekaa mkao wa kula

Upendo 16:03
Babu anasema niandike hivi: Mabua ya mwaka jana mliyaacha juu ya ardhi mkapanda mahindi juu ya mahindi. Ugonjwa ulilala humo, mvua na upepo vikaurusha. Niliwaambia. Tula toa bomba. Sesi, ya gunia utakuja kuniambia mimi, si humu. Msimu ujao pale maharage.

Shangazi Tula 16:20
Sawa baba

Dada Sesi 16:21
Tumesikia Babu

Shangazi Tula 16:40
Lipo Iringa mjini kwangu. Nani analifuata?

Dada Sesi 16:41
Beno una pikipiki

Beno 21:47
Nimeona saa hizi. Ipo gereji, labda jmosi

Dada Sesi 21:50
Labda siyo jibu Beno, majani yanashinda na maji mpaka saa nne asubuhi na ndo unachokipenda huu ugonjwa. Waliotoa ni Neema na shem. Wengine?

Mjomba Fute 22:18
Yangu mwisho wa mwezi