Sarafu ya Salzburg ya mwaka 1628: ni dhahabu au fedha iliyochovywa?

Mpenda_Kale: Ndugu wanajamvi, naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Ninaishi Munich, na jirani yangu mzee anataka kuniuzia sarafu ya manjano aliyorithi, ambayo anaamini kuwa ni kipande cha dukati kumi (dukati ni sarafu ya kale ya dhahabu ya Ulaya) cha Paris Lodron, askofu mkuu aliyekuwa pia mtawala wa Salzburg, aliyekitoa kuadhimisha kuwekwa wakfu kwa kanisa kuu la mji huo mwaka 1628. Upande mmoja watakatifu Rupert na Virgil wamelishika kanisa. Upande wa pili maaskofu wamebeba sanduku la masalia. Uzito ni gramu 28.6.

Mzee_wa_Reale: Kaka, uzito huo unanitia shaka, kwa kuwa dukati moja ina takriban gramu 3.49 na kumi zingekaribia gramu 35. Picha nazo hazikusaidii, maana mihuri ileile ilipiga taleri, yaani sarafu kubwa za fedha, pamoja na vipande vizito vya dhahabu vilivyokusudiwa kutunukiwa wakubwa, si kwenda sokoni. Taleri, ambayo ni ya ukoo mmoja na reale ya Maria Theresa waliyoitumia babu zetu Unguja, ina gramu 28 na ushei. Nahisi hiyo ni fedha iliyochovywa dhahabu ili ivaliwe kama kidani. Hebu tazama ukingoni kama pana alama ya kitanzi kilichong'olewa.

Binti_Sonara: Uzito peke yake usihukumu, Mzee wangu, kwani dukati nane zingefika gramu 27.9. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri, kisha itumbukize sarafu ikining'inia kwa uzi bila kugusa kitako. Ikiwa ni dhahabu ya dukati, ambayo ni karibu safi, mizani itasoma gramu 1.5, ikiwa ni fedha, karibu 2.8. Tafadhali usiisugue.

Mpenda_Kale: Imesoma 2.8, na ukingoni, juu ya vichwa vya watakatifu, pana kovu la kulehemu. Je, niiache?

Mzee_wa_Reale: Ukiipenda inunue, ila kwa bei iliyo chini ya taleri isiyo na kasoro ya mwaka huohuo, ambayo huonekana minadani mara kwa mara. Wala usimpe fundi aikwangue dhahabu hiyo, kwa sababu kovu litabaki palepale na uso wa fedha utaharibika zaidi.