Mnaoandika "imekubali wakuu" halafu mnapotea, mmenipotezea siku tatu na Octave

Wakuu, habari za usiku. Niko Moshi, maeneo ya Pasua, nafundisha hisabati kidato cha tano na cha sita. Leo sikuleta swali, nimeleta malalamiko. Swali nimelimaliza mwenyewe baada ya siku tatu, na lilikuwa jambo ambalo mtu mwingine alishalijua akanyamaza nalo.

Ijumaa nilikuwa naandaa kipindi cha kalkulasi. Natumia GNU Octave, programu ya kupigia hesabu kwa kuandika amri, kwenye Ubuntu, mfumo wa kompyuta ninaotumia badala ya Windows, kwa sababu Octave ni ya bure kihalali, mwanafunzi anaibeba kwenye flashi na kuiweka nyumbani bila kumwibia mtu, na amri zake zinafanana sana na za MATLAB, programu ya kulipia atakayoikuta chuoni. Kwa namba tupu haisumbui. Ila ukitaka ikupe jibu lenye x ndani yake, unapakia nyongeza inayoitwa symbolic, na hiyo haipigi hesabu yenyewe. Inaikabidhi Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye maktaba yake ya hesabu za herufi iitwayo SymPy. Nikaandika `pkg load symbolic`, ikapita. Nikaandika `syms x`. Ikagoma: Python haiioni SymPy, je, umeiweka?

Nimeiweka! Nafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, naandika `python3`, kisha `import sympy`, inapokea bila neno. Narudi Octave, inagoma. Nimezunguka hapo mpaka saa saba usiku, nimefuta na kuweka upya mara mbili, bando limeisha.

Nikaingia kundi letu la walimu la WhatsApp kutafuta jumbe za nyuma. Nikamkuta mwenzetu kauliza hilo hilo, na picha ya skrini kaiweka. Wawili wamemwambia azime awashe. Kesho yake mwenyewe kaandika: "Imekubali wakuu, asanteni sana." Basi! Watu wakamwagia dole gumba. Imekubali vipi? Ulifanya nini? Nimemwandikia pembeni mara mbili, tiki zimekuwa bluu, hajajibu mpaka ninavyoandika hapa.

Jumamosi nikaipeleka kompyuta kwa fundi karibu na soko la Mbuyuni. Hata ujumbe wa kosa hakuusoma. "Mwalimu, hivi vya bure ndivyo vilivyo. Nipe elfu thelathini, natoa hii Ubuntu, nakuwekea Windows na MATLAB iliyovunjwa." Nikachukua kompyuta yangu nikaondoka. Mimi ndiye ninayewakataza watoto kuibia mtihani, halafu niwafundishie kwa programu ya wizi?

Octave aliianza John W. Eaton mwaka 1992, na mpaka leo kuna watu wanaorekebisha makosa yake bila kumlipisha mtumiaji hata shilingi. Sisi kuandika mistari miwili tunaona mzigo.

Basi mistari yenyewe ni hii, na hakuna wa kuja inbox. Jumapili nilipakia symbolic nikaandika `sympref diagnose`. Inakuonyesha Octave inaita Python ipi. Kumbe kompyuta yangu ina Python mbili: moja ilikuja na Ubuntu, nyingine niliiweka mwenyewe kupitia Anaconda, kifurushi kinachokuja na Python yake. Kwenye terminali ilikuwa inafunguka ya Anaconda, na SymPy niliiweka huko. Octave nilikuwa naifungua kwa kubofya kwenye menyu, na ikifunguliwa hivyo inaita ile ya Ubuntu, ambayo haina SymPy. Ndiyo maana kila nilipojaribu nje iliitika. Nilikuwa napima Python isiyohusika.

Dawa: `sudo apt install python3-sympy`, funga Octave, fungua tena. Kama hutaki kuongeza kitu, ielekeze kwenye Python yenye SymPy kabla ya kupakia, mfano `setenv PYTHON /home/jina/anaconda3/bin/python3`, na mstari huo uuweke kwenye faili la `.octaverc`, ambalo Octave hulisoma kila inapofunguka, usiuandike kila siku. Nikajaribu `diff(x^3*exp(-x), x)`, jibu likatoka na x zake zote. Nilikaa nikiliangalia, nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja.

Na mnaouliza, nanyi mnakera. "Octave imegoma, msaada" ndiyo nini? Tukusaidieje? Nakili ujumbe wa kosa wote, useme toleo lako na mfumo wa kompyuta yako, na amri uliyoandika kabla haijagoma. Picha ya simu iliyopigwa kwa pembeni na taa inang'aa kwenye kioo haisomeki.

Sasa nina kazi shuleni. Maabara ina kompyuta 12, hakuna intaneti. SymPy inahitaji maktaba moja tu ya ziada, mpmath, kwa hiyo nitapakua zote mbili nyumbani nizipeleke kwa flashi Alhamisi. Ikikubali nitaandika hapa hapa nilivyofanya, amri kwa amri, na ikigoma nitabandika kosa lenyewe.

Na wewe wa kundi la walimu, kama unapita humu: uliifanyaje ikakubali?