Jicho likishazoea: mazoezi gani yanasaidia kuona uzuri wa vitu na watu wa kila siku?

Fundo_la_Uzi (mwanzisha mada)

Habari za humu wakuu. Nina maswali mawili, yote ya vitendo, kwa hiyo zile nasaha za "ridhika na ulichonacho" tuziweke kando kwanza.

La kwanza ni macho. Utaratibu wa kuandika mambo matatu mazuri kila usiku unajulikana, ila wiki chache zikipita daftari linajaa maneno yaleyale: usingizi, chakula, familia, hali ya hewa. Je, kuna mazoezi ya kutazama, yenye muda na hatua zinazoeleweka, ambayo mtu anaweza kuyafanya nyumbani au njiani?

La pili ni watu. Mtu unayeishi naye au kufanya naye kazi miaka nenda miaka rudi, unamtazamaje upya bila kumkodolea macho mpaka aulize kulikoni?

Penseli_Laini

Tuanze na sababu, maana ndiyo inayoamua zoezi. Macho na ubongo hufuatilia mabadiliko, kisichobadilika hufifishwa. Lithibitishe sasa hivi: weka nukta katikati ya karatasi, pembeni paka doa la rangi hafifu lisilo na kingo kali, kisha kaza macho kwenye nukta bila kuyahamisha. Baada ya muda mfupi doa huanza kuyeyuka, na kumbe lipo palepale. Daktari wa Uswisi, Ignaz Troxler, aliueleza mchezo huu mwaka 1804. Kwa hiyo kukodoa hakusaidii kitu. Jicho lipewe kazi ya kutembea.

Kazi bora ya namna hiyo ni kuchora bila kutazama karatasi. Chukua penseli ya 2B (yenye risasi laini) na nusu ya karatasi ya A4, ibandike mezani kwa gundi ya utepe ili isiteleze. Chagua kitu kinachoenea kiganjani: kitunguu, kifungu cha funguo, kitambaa kilichokunjamana. Weka jicho kwenye ukingo wa kitu na ncha ya penseli kwenye karatasi, kisha viende pamoja taratibu mno, kama sentimita moja kwa sekunde tano. Penseli isinyanyuke, jicho lisichungulie karatasi. Dakika tano zinatosha. Mchoro utakuwa kichekesho. Utupe, haukuwa lengo.

Linaloharibu zaidi ni haraka. Mkono ukikimbia, unachora kitunguu unachokijua kichwani, si hiki chenye ganda lililopasuka upande mmoja. Kosa jingine ni kuchagua kitu ambacho kila mtu ameshakubali kuwa ni kizuri, kama ua, kwa sababu hapo unachora sifa zake tu. Na dakika mbili za mwanzo zinachosha kwelikweli. Wengi huacha hapo, wakati ndipo jicho linapomaliza kutaja majina ya vitu na kuanza kuona maumbo. Ukishazoea, hamia kwenye nafasi tupu: chora tundu lililo kati ya mkono wa kikombe na kikombe, kikombe chenyewe ukiache.

MwangaWaPembeni

Naunga mkono, ila kwa asiyependa penseli kuna njia ya mkato: badilisha mwanga, kitu kiache palepale.

Jua likiwa nyuzi 45 juu ya upeo, kivuli cha kitu hulingana na urefu wake. Likishuka hadi nyuzi 20, kivuli kinakaribia mara tatu ya urefu. Ukuta ulioonekana mtupu adhuhuri sasa unaonyesha kila kovu la plasta, kwa sababu mwanga unaukwaruza ubavuni badala ya kuupiga usoni. Rangi nayo hugeuka: mwanga wa jua lililo chini hupita kwenye hewa nyingi zaidi, ile buluu hutawanywa njiani, na zinazofika kwa wingi ni njano na nyekundu. Chagua kona moja, itazame dakika tatu asubuhi, adhuhuri na jioni ya siku hiyohiyo. Ukiiahirisha ya jioni hadi kesho, ile ya adhuhuri umeshaisahau na huna cha kulinganisha.

Usiku, zima taa ya dari. Washa taa moja tu, ubavuni mwa kitu, kwenye kimo cha meza. Taa zikiwa nyingi kila moja inafuta kivuli cha mwenzake na kila kitu kinakuwa bapa.

Kwa rangi, toboa tundu la sentimita moja kwenye kadi na utazame kupitia hapo. Siku ya anga safi weka karatasi nyeupe, nusu juani nusu kivulini, uchungulie sehemu ya kivulini: ina ubuluu, kwani inaangazwa na anga badala ya jua. Bila kadi ubongo unakuambia "karatasi ni nyeupe" na mjadala unafungwa.

Upinde wa mvua nao una kanuni. Lipe jua mgongo. Upinde hukaa nyuzi 42 kuzunguka kivuli cha kichwa chako. Ukiwa ardhini tambarare na kivuli chako ni kifupi kuliko wewe, usihangaike, hakuna upinde. Ukiupata, tazama nje yake, kwenye nyuzi 51 hivi: mara nyingi upo wa pili, hafifu, rangi zake zimepinduka, na anga iliyo katikati ya pinde hizo mbili ni nyeusi zaidi. Watu wengi huutazama ule wa kwanza, wakapiga picha, wakaondoka.

Jioni giza likianza kuingia usiwashe taa upesi. Ua jekundu litageuka karibu jeusi huku majani yake yakibaki na mng'ao, kwa kuwa seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazihisi wekundu vizuri. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa, na kuichungulia simu mara moja tu kunakurudisha mwanzo. Nyota hafifu usiitazame moja kwa moja. Peleka jicho kidogo pembeni yake, itatokea.

Kiti_cha_Tatu

Nijibu la watu, maana hapo ndipo pagumu.

Usianze na uso. Uso wa mtu unayemjua umeshausoma mpaka umeuchoka, tena ukiutazama naye anajua. Anza na mikono, wakati anafanya kazi anayoiweza: kukunja nguo, kuchapa, kufunga mzigo, kumvisha mtoto viatu. Tafuta mahali asipotumia nguvu. Mjuzi hujulikana kwa mwendo aliouacha: hapapasi, harudii, anakishika kitu pale tu kinapohitaji kushikwa. Sekunde mbili tatu zinatosha, kisha macho yaende kwingine, yarudi baadaye. Ukipitiliza hapo anabadilisha namna anavyofanya, na ulichokuwa unakitafuta kimeshaondoka.

Uso uje baadaye, wakati wa kicheko kisichopangwa. Mwaka 1862 Mfaransa Guillaume Duchenne alieleza kuwa kicheko cha furaha ya kweli hushirikisha msuli unaozunguka jicho, si ule wa kuvuta pembe za mdomo peke yake. Kwa hiyo tazama ngozi iliyo chini ya macho, meno yaache.

Picha ya simu ya karibu usiitumie kumpima mtu, wala kujipima. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, pua iko karibu nayo mno kuliko masikio, basi pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Sogea mita moja na nusu au zaidi. Watu wanazichukia pua zao kwa kosa la umbali!

Kisha uliza. Swali la "habari za kazi" litajibiwa "nzuri". Uliza kuhusu uamuzi mdogo uliouona: "Hapo unajuaje kwamba imetosha?" au "Mbona hiki umekianza kabla ya kile?" Akimaliza kujibu, nyamaza sekunde tatu nyingine. Mara nyingi jibu lenyewe huja baada ya ukimya huo, kwani la kwanza lilikuwa la heshima tu.

Ukitaka kumwambia ulichokiona, sema sentensi moja inayotaja kitendo. "Una roho nzuri" inapita tu, hajui umeona nini. "Nimeona ulimsogezea mgeni kiti kabla hajaomba" inabaki. Usimlinganishe na mwingine, usiguse mwili wake, na katika mazungumzo hayohayo usimwombe chochote. Ukiomba, sifa nzima inageuka hongo.

Kwa mtu usiyemjua, masharti ni makali zaidi: usipige picha, usimfuate, akikuona inamisha kichwa kidogo uendelee na yako.

Fundo_la_Uzi

Nimewaelewa. Daftari je, nilitupe?

Penseli_Laini

Usilitupe, lipunguzie kazi. Katika jaribio la wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough lililochapishwa mwaka 2003, kundi moja liliandika mara moja kwa wiki, mambo ya kushukuru yasiyozidi matano, kwa wiki kumi. Kila usiku ni mara nyingi mno kwa wengi wetu. Mtu anaanza kuandika ili amalize.

Weka masharti mawili: neno "nzuri" ni marufuku, na kila mstari uwe na kitu, mahali, na tendo. "Jioni ilikuwa nzuri" haufai. "Mvuke wa sufuria ulipita kwenye mwanga wa dirisha, ukaonekana, ukapotea kwenye kivuli" unafaa. Ukikosa cha kuandika bila lile neno, hukutazama. Acha mstari wazi.

Zamu_ya_Usiku

Kuna jambo halijaguswa. Mazoezi haya ni ya jicho lililozoea. Kama vitu vilivyokuwa vikikufurahisha havikufurahishi tena, vyote, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hasa ikiambatana na usingizi kuharibika au hamu ya kula kubadilika, hiyo inaweza kuwa sonona na inatakiwa ionwe na mhudumu wa afya. Kumwambia mtu wa hali hiyo achore kitunguu ni kumwongezea kitu kingine cha kushindwa.

Fundo_la_Uzi

Hilo la mwisho ni muhimu, asante mkuu. Swali dogo: lile zoezi la kuchora linawezekana kwa mtu?

Penseli_Laini

Linawezekana, kwa ruhusa yake. Mwombe aendelee na shughuli yake, kaa ubavuni kwake kama mita mbili, uanze na mstari wa shingo hadi bega. Akisogea usirudi nyuma kurekebisha, endelea kutoka pale penseli ilipofika. Macho na mdomo viache kabisa mara tano sita za mwanzo, kwa sababu hapo ndipo mkono unapochora alama za uso ulizojifunza utotoni. Na akitaka kuona mchoro, mwonyeshe, lakini mwambie mapema kwamba hukuwa unatazama karatasi.