Naomba ushauri: wauguzi wanakuja, wanaondoka

Habari zenu ndugu zangu. Nasimamia hospitali ya kijijini, na nimechoka kusaini barua za watu kuhama. Juzi muuguzi wa wodi ya wazazi, wa tatu ndani ya mwaka mmoja, aliniwekea ufunguo wa nyumba mezani. Nilidhani ataniambia habari za mshahara. Akasema, "Bosi, mshahara nimeuzoea. Ila usiku niko peke yangu na wajawazito wanne, tochi nimeishika kwa meno, na mwanangu hana shule ya maana." Sikuwa na jibu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwafanya wahudumu wa afya wabaki vijijini, wa mwaka 2010, uliohuishwa 2021, nimeusoma. Unashauri kudahili vijana waliokulia vijijini, wanafunzi wafanye mazoezi huku huku, nyumba ziwe nzuri, na watumishi wapandishwe vyeo. Sawa, lakini mimi sidahili mtu wala sipandishi mtu cheo. Nilichonacho ni ratiba ya zamu, nyumba tatu zinazovuja na vijisenti vya matengenezo.

Mliokaa kijijini zaidi ya miaka mitano, nini kiliwafanya mbaki? Nianze na paa, taa za sola, au nipiganie kwanza zamu ya usiku iwe na watu wawili? Na kuwafunga watu kwa mkataba wa miaka kadhaa, kuna aliyeona kunasaidia? (Mimi naona aliyefungwa hufanya kazi huku anahesabu siku.) Daktari kijana anaripoti wiki ijayo, na nyumba yake ndiyo hiyo ambayo ufunguo wake bado uko mezani kwangu.